Nondo Mdogo wa Hudhurungi: Namna ya Kumtambua, na Nchi Anazokaa



Nadhani saa hii wengi wenu mmekwisha kula chakula cha jioni, na taa imewashwa. Kama ni hivyo, nawaomba jambo moja kabla sijaendelea na maneno yangu. Tazameni taa yenu. Je, hakuna mdudu anayeizunguka, akijigonga, akianguka mezani, akaondoka na kurudi tena? Yamkini yuko, tena si mmoja. Kama ana mabawa manne, na akitua huyakunja juu ya mgongo mfano wa paa la nyumba, na mkimshika huwaachia vidoleni vumbi kama unga, basi huyo ni nondo. Nondo ni ndugu yake kipepeo, ila wengi wao hutembea usiku.

Nondo wako wa namna nyingi mno. Wengine ni wakubwa kama kiganja cha mtoto, nao wana mapambo mazuri kama nguo ya harusi. Jioni ya leo sitasema habari za hao. Nataka kusema habari za mmoja asiye na uzuri wowote, mdogo, rangi yake ya hudhurungi iliyochanganyika na kijivu, ambaye mtu humfuta mezani kwa kitambaa bila kumtazama mara ya pili. Nami nataka kuwaonyesha kwamba yafaa kumtazama hata mara ya tatu.

Kwanza sina budi kuwaeleza sababu yangu ya kujali mdudu huyu, nayo si sababu ya kujivunia.

Nilipomaliza masomo yangu katika chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha katika shule moja ya nyanda za kati za Tanzania. Nilikuwa kijana, na cheti changu kilikuwa bado kipya, nami nilidhani kwamba mambo yote ya dunia yamo katika vitabu nilivyovisoma. Mwezi wa Desemba mvua za kwanza zilinyesha vizuri. Watu walipanda mahindi, mtama na uwele, na mimea ikaota, ikapendeza. Usiku mmoja, baada ya mvua yenye ngurumo nyingi, nondo walikuja katika taa yangu kwa wingi ambao sijapata kuuona. Walijaa ukutani, walijaa mezani, wakaanguka hata katika chai.

Asubuhi mzee mmoja, jirani yangu, alinijia mlangoni. Katika ukindu wa mkono wake alikuwa na kifuko cha majani, na ndani yake nondo kumi au zaidi.

Nikamwamkia, “Shikamoo, Mzee.”

Akaitika, “Marahaba, Mwalimu.” Kisha akaniuliza, “Je, huko mlikosoma mlifundishwa habari za wadudu?”

Nikamjibu, “Tulifundishwa, Mzee.”

“Basi niambie, hawa ndio? Maana nilipokuwa kijana walikuja namna hii hii, na mwaka ule tulikula mizizi.”

Niliwatazama wale nondo kwa muda mfupi tu, kisha nikacheka kidogo, nikamwambia, “Mzee, hawa ni wadudu wa taa tu. Mvua imewaleta, na jua litawaondoa.” Akanishukuru, akaenda zake.

Siku zikapita, wala sikuona kitu. Juma la tatu baada ya usiku ule, mtoto mmoja alikuja shuleni mbio akisema kwamba shamba la babu yake linatembea. Tulipokwenda kutazama tuliona maneno yake ni kweli. Ardhi ilikuwa nyeusi kwa viwavi, wamesongamana, wanakwenda wote upande mmoja, na nyuma yao yalibaki mabua matupu. Ukinyamaza uliweza kusikia sauti yao wakitafuna. Mzee yule alikuwa na mbegu za kupanda mara moja tu. Ilimbidi akope mbegu nyingine, tena mvua ilikuwa imekwisha pita nusu. Wajukuu wake wawili waliokuwa darasani mwangu hawakuonekana tena mpaka mavuno ya mwaka wa pili, kwa kuwa walikwenda kutafuta chakula kwa jamaa zao wa mbali.

Nilikwenda kumwomba radhi. Hakunikaripia. Alinikaribisha kitini, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, kutojua si kosa. Kosa ni kujibu.” Maneno hayo nimeyachukua moyoni tangu siku ile, na ndiyo yaliyonifanya nijifunze nitakayowaambia sasa.

Mdudu yule alikuwa nondo wa kiwavijeshi wa Afrika. Wataalamu wa elimu ya wadudu humwita Spodoptera exempta. Jina la kiwavijeshi alipewa kwa sababu ya mtoto wake, ambaye husafiri shambani kwa makundi kama askari wa vita. Lakini angalieni: kiwavi ni mtoto, na nondo ni mzazi. Anayewasubiri watoto ndipo amtambue mzazi amechelewa. Wahenga walisema, “Dalili ya mvua ni mawingu.” Basi nondo ndiye wingu.

Sasa tumtazame kwa utaratibu. Kwanza ukubwa wake. Mwili wake ni wa urefu wa sentimita moja na nusu hivi, na akinyoshewa mabawa yake, kutoka ncha hata ncha, ni sentimita tatu, pengine pungufu kidogo au zaidi kidogo. Pili, mabawa ya mbele. Hayo ni ya hudhurungi iliyofifia, yana kijivu ndani yake, na katikati ya kila bawa liko doa lenye umbo la figo. Doa hilo kwa wengine huonekana wazi, na kwa wengine hufifia. Tatu, mabawa ya nyuma. Haya hayaonekani mpaka umfunue, maana ameyaficha chini ya yale ya mbele. Ni meupe, hupenya nuru, na mishipa yake ina rangi nyeusinyeusi, kama mistari iliyochorwa kwa kalamu. Nne, ncha ya tumbo la jike. Hapo pana nywele nyeusi, nazo zina kazi yake, kama nitakavyoeleza.

Mtu aweza kusema, “Mwalimu, mbona alama hizi ni chache, na nondo wa hudhurungi ni wengi?” Asemaye hivyo amesema kweli, na hapa ndipo ugumu ulipo. Ndugu zake wa ukoo mmoja ni wengi, nao hufanana naye kama watoto wa tumbo moja. Nitawataja watatu.

Wa kwanza ni nondo ambaye kiwavi wake hula majani ya pamba na mimea mingine mingi ya majani mapana. Mabawa yake ya mbele yana mistari mingi myeupe iliyopitana, kama ramani yenye barabara nyingi. Nondo wetu hana mistari mingi hivyo.

Wa pili ni mdogo kuliko hao wengine, na juu ya bawa lake la mbele kuna doa la mviringo lenye rangi inayoelekea chungwa. Mabawa yake ya nyuma hung'aa kama lulu.

Wa tatu ni mgeni, na huyu yafaa tumwangalie kwa makini kuliko wote. Jina lake la kitaalamu ni Spodoptera frugiperda, na wakulima wa Tanzania wamempa jina la kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni bara la Amerika. Hakupata kuonekana Afrika mpaka mwaka 2016, alipogunduliwa katika nchi za Magharibi. Mwaka 2017 alikuwa amekwisha fika Kenya na Tanzania. Hakusimama hapo, kwani mwaka 2018 alionekana India, mwaka 2019 China, na mwaka 2020 Australia. Dume lake lina alama nyeupe yenye pembe tatu karibu na ncha ya bawa la mbele, na alama nyingine ya rangi hafifu imelala kishazari katikati. Jike lake halina alama wazi hivyo, na kwa sababu hiyo humchanganya hata mtu aliyezoea. Lakini mfunue mabawa ya nyuma: ni meupe yenye kung'aa, na ukingoni pana utepe mwembamba mweusi, wala mishipa yake haina weusi ule wa nondo wetu.

Kwa hiyo, ninyi vijana wa shule, mkiulizwa huyu ni nani, msijibu kwa kutazama mgongo tu. Mwekeni juu ya karatasi nyeupe, mfunueni polepole kwa kijiti, mtazame mabawa ya nyuma, na kama shule yenu ina kioo cha kukuzia, kitumieni. Na kama bado mna shaka, mwekeni katika kibiriti kitupu chenye karatasi laini, andikeni tarehe na mahali mlipomkamata, mkampe bwana au bibi afisa kilimo. Mdudu mkavu katika kibiriti ni ushahidi mzuri kuliko maneno mia.

Sasa tuendelee na maisha yake. Jike hutaga mayai usiku kwa mafungu, mamia kwa mara moja, na katika maisha yake yote mayai yaweza kufikia kama elfu moja. Kila yai ni dogo, nusu ya milimita tu. Naye akiisha taga huyafunika kwa zile nywele nyeusi za ncha ya tumbo lake, na hiyo ndiyo kazi yake niliyoahidi kuieleza. Mayai yakitagwa ni meupe, kisha hugeuka kuwa na weusi, na baada ya siku mbili hata tano huanguliwa.

Kiwavi aliyetoka katika yai ni mdogo kama uzi uliokatwa. Kwa siku za kwanza hutafuna ngozi ya jani upande mmoja tu, akaacha upande wa pili kama kioo cha dirisha. Mkulima akipita hasemi neno, maana shamba kwa mbali ni la kijani. Kiwavi hukua, hujivua ngozi mara kwa mara, na kwa juma mbili au tatu amekuwa na urefu wa sentimita tatu hivi. Sehemu kubwa sana ya chakula chake chote hukila katika siku zake chache za mwisho. Ndiyo sababu watu husema kwamba viwavi wamekuja usiku mmoja. Hawakuja usiku mmoja. Walikuwapo juma zaidi ya mbili, bali hatukuwatazama.

Tena liko jambo la ajabu. Kiwavi huyu ana sura mbili. Wakiwa wachache, kila mmoja peke yake, huwa wa kijani au wa hudhurungi, wavivu, wamejificha chini karibu na mashina ya majani. Lakini wakiwa wengi na kugusana, hugeuka rangi. Mgongo huwa mweusi kama mahameli, ubavuni hupata mistari ya rangi hafifu, na tumbo huwa la kijani au manjano. Tena huwa wepesi, hutoka mchana juani, na huhama pamoja. Kwa muda mrefu mtu asiyejua aliweza kudhani kuwa hao ni wadudu wa namna mbili, kumbe ni mmoja.

Kiwavi wa yule mgeni wa Amerika humtambua kwa alama nyingine. Karibu na mwisho wa mkia wake ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za mraba, na usoni pake mstari mweupe umeandika mfano wa herufi Y iliyopinduliwa. Tena tabia zao si moja. Yule mgeni hupenda kujificha ndani ya moyo wa mhindi, akaacha kinyesi kama unga wa mbao. Wetu yeye hula jani waziwazi, akimaliza shamba huenda jingine.

Viwavi wetu wakishiba huingia ardhini, sentimita mbili au tatu tu, wakageuka kuwa kitu chekundu cheusi, kigumu, kisichokula wala kutembea. Wanafunzi huita hali hiyo pupa. Baada ya siku saba hata kumi na mbili hutoka nondo, usiku, akapanda juu ya jani ili mabawa yake yakauke, na safari yake huanza.

Chakula chao ni jamii ya majani: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga, ngano, miwa michanga, na majani ya malisho ya ng'ombe. Maharagwe, mihogo na viazi vitamu kwa kawaida hawavigusi. Mwenye kupanda mihogo kando ya mtama wake amejiwekea akiba ambayo viwavi hawa hawataila.

Sasa nije katika sehemu ya pili ya mazungumzo yangu, yaani nchi anazokaa. Nondo huyu yumo katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Sahara. Yumo Yemen na kusini-magharibi ya Arabuni. Tena yumo kusini-mashariki ya Asia, Australia, na visiwa vya Hawaii. Lakini kuwapo si sawa na kufanya madhara. Nchi zinazopata taabu yake kubwa ni hizi zetu za Afrika Mashariki, toka Tanzania na Kenya mpaka Ethiopia, na vile vile nchi za kusini kama Malawi, Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini.

Huenda mkauliza, wakati wa kiangazi, majani yakiwa makavu, huwa wapi? Hapo zamani wengi walidhani kwamba hulala ardhini wakingoja mvua. Sivyo. Wakati huo hubaki wachache wachache, wenye sura ile ya kijani, mahali ambapo mvua haikatiki kabisa, kama pwani na katika nyanda za juu. Mvua za vuli zinapoanza, kiasi cha Novemba na Desemba, kizazi cha kwanza chenye madhara huonekana katika sehemu za Tanzania ya kati na za mashariki ya Kenya. Nondo wa kizazi hicho huruka juu, mamia ya meta kutoka ardhini, wakachukuliwa na upepo.

Watu wa pwani wanajua kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma toka kaskazini-mashariki, na kusi toka kusini-mashariki. Mahali pepo hizi zinapokutana mawingu hujikusanya na mvua hunyesha, na mkanda huo wa mvua husafiri kwenda kaskazini kadiri mwaka unavyoendelea. Nondo nao huchukuliwa na upepo. Wakifika penye dhoruba ya mvua, pepo zinazogongana huwakusanya pamoja, kama ufagio ukusanyavyo takataka pembeni mwa chumba. Hapo hushuka, hutaga, na majani mapya yako tayari kwa watoto wao. Basi kizazi hufuata kizazi, kila kimoja kwa majuma manne au matano, toka Tanzania kwenda kaskazini mwake, Kenya, Uganda, Ethiopia, na mwisho Yemen.

Mambo haya hayakujulikana kwa kukisia. Miaka ya 1960 wataalamu waliokuwa Muguga, karibu na Nairobi, waliweka mitego ya taa mahali pengi katika Afrika Mashariki, na kila siku watu walihesabu nondo walionaswa, wakaandika hesabu yao. Hesabu hizo zilipowekwa pamoja na ramani za pepo, njia ya nondo ilianza kuonekana. Na katika miaka ya 1980, nchini Kenya, wataalamu waliwatia nondo rangi mahali walipotoka ardhini, kisha wakawatafuta katika mitego iliyokuwa upande upepo uendako. Wengine walikamatwa mbali zaidi ya kilomita 100. Fikirini, mdudu mdogo namna hii anavuka mipaka ya wilaya kabla hamjaamka!

Kwa hiyo mtu asiseme, “Wilaya yetu ni safi.” Na mtu wa nchi moja asimlaumu mtu wa nchi nyingine. Nondo hana pasi ya kusafiria, na ndiyo sababu nchi zetu zimeona inafaa kusaidiana. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1962, limeshughulika na viwavijeshi pamoja na nzige, na habari za mitego hupelekwa toka nchi hata nchi.

Sasa nataka niwaeleze kisa kimoja cha mbali, ili mwone ya kuwa kosa langu la ujana si la mwalimu mmoja tu. Mwanzoni mwa mwaka 2009, katika nchi ya Liberia, viwavi weusi walitokea kwa wingi wa kutisha, hasa katika jimbo la Bong. Walikula majani, waliingia majumbani, na kinyesi chao kiliharibu maji ya visima na vijito. Mwezi wa Januari Rais wa nchi alitangaza hali ya hatari. Habari zikaenea duniani kote kwamba hao ni viwavijeshi. Wataalamu walipowachunguza vizuri, wakakuta siye. Alikuwa mtoto wa nondo mwingine wa hudhurungi, Achaea catocaloides, ambaye hukaa juu ya miti mikubwa ya msituni iitwayo dahoma. Yeye hali majani ya jamii ya nafaka tu, bali hula majani ya miti na mimea mingine. Tena pupa zake hazimo ardhini, zimo chini ya majani makavu yaliyoanguka.

Je, jina lina tofauti gani kwa mtu mwenye njaa? Tofauti ni kubwa. Ukidhani adui yuko katika mtama, nawe utapiga dawa katika mtama, naye yuko juu ya mti mrefu. Ukimtafuta ardhini, naye amelala chini ya majani makavu, utachimba bure. Jina la kweli ndilo litakalokuambia anakula nini, analala wapi, na lini atarudi.

Sasa, wasikilizaji, yatupasa kufanya nini?

La kwanza ni kutega. Siku hizi uko mtego mzuri kuliko taa. Taa huvuta wadudu wa kila namna, hata mhesabuji akachoka kuwachambua. Mtego huu una kidude kidogo cha mpira kilichotiwa dawa yenye harufu kama ya nondo jike. Sisi hatuisikii harufu hiyo, lakini dume huifuata kwa upepo, akaingia katika chombo asiweze kutoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa, vijiji vilianza kupewa mtego kama huo pamoja na kipimo cha mvua, na wanakijiji waliochaguliwa wakafundishwa kuhesabu nondo na kupima mvua wenyewe. Nondo wakizidi, na mvua ikanyesha, huwatangazia wenzao kabla kiwavi hajaonekana. Kazi hiyo haihitaji cheti cha chuo. Yahitaji mtu mwaminifu, mwenye macho mazuri, asiyeruka siku.

La pili ni kukagua. Mkisikia nondo ni wengi, baada ya mvua, siku ya tano au ya sita ingieni shambani asubuhi. Inameni. Tafuteni yale madirisha madogo katika majani, na viwavi wembamba kama uzi. Tazameni na malisho, maana mara nyingi huanza huko. Mkiona korongo wengi wamekusanyika mbugani wakiokota kitu, nendeni mkatazame wanaokota nini.

La tatu ni kutoa habari upesi kwa afisa kilimo. Dawa huwafaa viwavi wakiwa wadogo. Wakiwa wakubwa tayari wameharibu, nao wako karibu kuingia ardhini, na mwenye kunyunyiza wakati huo anapoteza fedha yake na kuhatarisha mwili wake. Tena dawa si maji. Asiyejua kuitumia asiishike, chombo chake kisitumiwe kwa kuchotea maji, na watoto wawe mbali.

La nne ni kutazama kabla ya kuua. Pengine mtawakuta viwavi wamekufa wenyewe, wananing'inia juu ya majani, miili yao imelainika kama maji. Huo ni ugonjwa wao wa asili, hauwadhuru watu, na wataalamu nchini Tanzania wameshughulikia namna ya kuutumia kama dawa. Penye ugonjwa huo msifanye haraka ya kutumia fedha. Mwiteni kwanza mtaalamu.

Muda wangu umekaribia kwisha. Mzee yule niliyewaeleza habari zake amekwisha fariki. Kabla hajafariki nilipata kurudi kijijini kwake mara moja, nikamletea mtego wa harufu niliopewa, tukautundika pamoja juu ya mti karibu na shamba lake. Yeye hakujua kusoma, basi mjukuu wake mmoja kati ya wale wawili, aliyekwisha kurudi shuleni, ndiye aliyeandika hesabu. Juma la kwanza nondo watatu. Juma la pili wanne. Juma la tatu, baada ya mvua, walikuwa wengi hata kijana akahesabu mara mbili kwa kutoamini. Akaja kwangu na kibiriti mkononi, akaniuliza swali lile lile la babu yake: “Mwalimu, hawa ndio?”

Safari ile sikucheka. Nilichukua karatasi nyeupe, nikamfunua nondo mmoja kwa kijiti, nikampa kijana kioo cha kukuzia, nikamwambia atazame mabawa ya nyuma na kuniambia aonavyo. Akasema, “Ni meupe, Mwalimu, na mishipa yake ni myeusi.” Habari ilipelekwa siku ile ile, na viwavi walipotoka katika mayai walikutwa wangali wadogo. Mwaka ule mtama ulivunwa.

Basi kabla hamjazima taa zenu usiku huu, tazameni tena walio juu ya meza.